Matete ya Kona ya Kapela

Nyumbani kwa akina Nsimire jogoo hakuwa na kazi. Waliowaamsha watu walikuwa kobayi, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao familia nyingi za Bukavu huwafuga jikoni. Mara tu Mama Nsimire alipowasha moto wa kukaangia bitumbura, yaani maandazi ya mviringo, nao walianza: kwi, kwi, kwi! Hawakunyamaza mpaka waangushiwe majani mabichi. Mwenye kazi ya kuyaleta hayo majani alikuwa Nsimire, msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita.

Kobayi wenyewe aliwapenda. Alichokichukia ni bonde. Majani mazuri yaliota chini kabisa, kando ya kijito, na njia ya kushukia huko ilikuwa ya udongo mwekundu ambao ukilowa huteleza kama sabuni. Kushuka kulikuwa vicheko, lakini kupanda na kikapu kichwani kulikuwa machozi. Siku za shule alishuka kwa sababu mama yake alimsimamia. Siku za Jumamosi mama alitangulia barabarani na beseni lake la bitumbura, na hapo Nsimire alikuwa na uhuru wa kutafuta ujanja.

Jumamosi moja ujanja huo aliukuta umelala katikati ya barabara.

Ilikuwa hivi. Ijumaa jioni, lori refu la tela lililosheheni saruji, likitoka mjini Bukavu kwenda Walungu, liliharibika likipanda mlima, chini kidogo ya kona ya Kapela. Giaboksi ililia mara moja, ikafa. Lori likaanza kurudi nyuma, tela likapinda, na liliposimama lilikuwa limekaa mshazari na kuziba barabara karibu yote. Ilibaki nafasi nyembamba tu upande wa mtaro, ya pikipiki na ya mtu anayekwenda kwa miguu.

Dereva wake, Papa Ezéchiel, mtu mwembamba mwenye ndevu za mvi, alimtuma msaidizi wake mjini kutafuta dépanneuse, yaani gari la kuvuta magari yaliyoharibika. Yeye mwenyewe alishika panga, akakata matete kwenye ukingo, akayatandika barabarani mafungu mafungu. Mengine aliyaweka chini, nyuma ya tela. Mengine aliyabeba mpaka juu, upande wa pili wa kona, kwa ajili ya wale wanaoshuka kutoka Walungu, maana wao hawawezi kuliona lori mpaka wamalize kukata kona. Kila anayetumia barabara za Kivu anaijua lugha hiyo. Ukikuta majani mabichi yametandikwa njiani, punguza mwendo, mbele kuna gari limelala.

Hata Nsimire aliijua. Kwa hiyo tusije tukasema kwamba mtoto hakujua.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hata msalaba wa kapela, lile kanisa dogo la kwenye kona, haukuonekana. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Nsimire alisimama barabarani na kikapu chake, akafikiria udongo mwekundu wa bondeni, akauma midomo. Kisha akayaona matete. Yalikuwa mabichi, mapana, yamelowa umande, na tayari yamekatwa. Nyumba yao ilikuwa hatua chache tu kutoka pale.

“Kila mutu anajua kama lori iko pale,” alijisemea. “Na dereva ameweka ile pembetatu yake nyekundu mbele ya gari. Nitachukua kidogo tu.”

Kidogo kikawa fungu, fungu likaita lingine. Uvivu una hesabu zake, na siku zote jibu lake ni sawa na vile mvivu anavyotaka. Nsimire alipoinua kikapu, barabara upande wa juu wa kona ilikuwa tupu kama uwanja uliofagiliwa.

Alikuwa jikoni bado, akiwagawia kobayi na kuwacheka wanavyogombania, aliposikia pikipiki ikishuka kutoka upande wa Walungu. Ilishuka kwa mwendo wa mtu anayeijua njia. Ikapita mbele ya nyumba. Ikaingia kwenye kona. Halafu ikasikika honi ndefu, tairi zikakwaruza, na chuma kikapiga kitu kwa kishindo. Kisha mwanamke akapiga yowe.

Fungu la matete lilimponyoka Nsimire mkononi. Alijua kabla hajaambiwa.

Alipofika, watu walikuwa wamezunguka mtaro. Ndani yake alilala Fabien, kijana wa mtaa wao, motari, yaani mwendesha pikipiki, aliyekuwa akipeleka makaa mjini kila Jumamosi. Magunia yake yalikuwa yamepasuka na makaa yametapakaa kila mahali. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono wa mtu haupindi. Hakulia, alikuwa akipumua kwa meno tu. Mama Nsimire, ambaye meza yake ya bitumbura ilikuwa karibu na hapo, alifungua kitenge chake cha juu, akaufunga ule mkono kifuani kwa Fabien. Kisha motari mwenzake akaja, wakamkalisha juu ya pikipiki kati ya watu wawili, wakampeleka hospitali pole pole huku Mama Fabien akikimbia nyuma bila viatu.

Pikipiki ilipotokomea katika ukungu, macho yote yaligeuka kwa Papa Ezéchiel.

“Papa, wewe hauko na watoto?” alianza Mama Nsimire, na sauti yake ilikuwa ya juu kuliko zote. “Ungetandika majani kule juu, ule kijana angevunjika mukono?”

“Mama, nilitandika,” dereva alijibu. “Nilitandika na hii mikono yangu, mbele giza iingie.”

“Iko wapi?” aliuliza kijana mmoja mwenye kofia nyekundu. “Ya huku chini tunaiona. Ya kule juu je? Sema tu kama ulichoka kupanda mulima!”

Papa Patrice, chef d’avenue, yaani kiongozi wa mtaa, alikuwa ameshafika. Aliwataka watu watulie. Alipanda mwenyewe mpaka upande wa pili wa kona, akiwa na watu wawili wa kushuhudia. Aliporudi alikuwa akitikisa kichwa.

“Shofere,” alisema kwa huzuni, “kule juu barabara iko safi. Hakuna hata jani moja.”

Papa Ezéchiel alikuwa na uso wa mtu anayeambiwa kwamba mtoto aliyemzaa si wake. Nsimire alisimama nyuma ya wanawake, akayatazama makaa ili asiutazame uso ule. Alitaka kusema. Aseme vipi, na mama yake mwenyewe ndiye anayemfokea dereva kuliko wengine?

Hapo ndipo dépanneuse ilipofika kutoka mjini, gari kuukuu lenye mkono wa chuma na minyororo minene, na msaidizi wa dereva akiwa amening’inia mlangoni. Mwenye gari, Tonton Benoît, alishuka, akalizunguka lori bila kumsalimia mtu, akapiga tairi teke.

“Dola mia nane,” alisema. “Na kwanza mushushe simenti yote. Mimi sivute mulima. Tena munilipe mbele ya kufunga munyororo, mukono mutupu haulambwi.”

“Mia nane!” Papa Ezéchiel alishika kichwa. “Jana ku simu ulisema mia ine na makumi tano.”

“Jana ilikuwa lori ya kuharibika. Leo ni lori ya kuharibika na watu ya hasira. Wakivunja kioo ya gari yangu, nani atalipa?”

Dereva akampigia simu mwenye lori, tajiri mmoja wa mjini. Sauti ya tajiri ilikuwa kubwa, kila aliyekuwa karibu aliisikia.

“Nimeshaambiwa habari yote,” ilisema simu. “Kama mutu ameumia juu ya uzembe yako, dépannage ile utalipa wewe. Mimi sitoi hata franga. Na ukimaliza kulipa, unileteye funguo ku ofisi yangu. Nitatafuta shofere mwingine.”

“Patron, nakuapia...”

Simu ikakatika. Papa Ezéchiel aliketi juu ya ngazi ya lori lake kama mtu aliyekatwa miguu.

“Hata niuze nyumba yangu ya Kavumu,” alisema polepole, akiongea peke yake, “na watoto waende kulala wapi?”

Maneno hayo yalimchoma Nsimire. Mtu huyu angepoteza kazi, na nyumba, na jina lake, kwa sababu ya kikapu kimoja cha majani. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, kisha akageuka, akakimbia. Msidhani alikuwa akitoroka. Alikuwa amepata wazo, na lilionekana zuri kwake kwa sababu halikudai asimame mbele ya mtu yeyote.

Jikoni kobayi walikuwa hawajamaliza. Walikuwa wametafuna majani mengi, wakaacha mabua na nusu nusu. Nsimire aliwanyang’anya kile kilichobaki, nao wakapiga kelele za kudhulumiwa. Akakijaza kikapu, akapita katikati ya shamba la maharagwe nyuma ya kapela ili asionekane, akatokea juu ya kona. Hakukuwa na mtu. Haraka haraka akayatandika mabua yale mahali pale pale alipoyatoa, akarudi kwa njia ile ile. Alipojichanganya tena na watu, alipumua kwa mara ya kwanza. Sasa mtu akipanda atayaona, alifikiri, na watasema Papa Patrice hakutazama vizuri, kwa sababu ya ukungu. Mambo yatakwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Kijana mwenye kofia nyekundu alitumwa juu kuzuia magari yasishuke. Hakukaa sana. Alirudi mbio, amekumbatia mabua ya matete kifuani, akayatupa chini mbele ya watu wote.

“Muone! Muone huyu mutu! Sasa hivi Papa Patrice alipita kule, hakukuwa kitu. Sasa majani iko pale! Imeota?”

“Ni ule musaidizi wake!” mtu mwingine akapaza sauti. “Alipofika tu na dépanneuse, akamutuma!”

“Anavunja mutoto wa watu, kisha anatufanya sisi wajinga!”

Msaidizi aliapa kwamba hakuondoka pale hata kidogo. Nani wa kumsikiliza? Watu walisogea. Papa Ezéchiel alisimama, mgongo wake ukagusa mlango wa lori. Papa Patrice aliinua mikono yote miwili, akaita kwa sauti, lakini sauti yake ilimezwa. Tonton Benoît aliruka ndani ya dépanneuse, akawasha injini.

“Mimi nakwenda!” alifoka kupitia dirishani. “Kazi hii siitaki tena, hata ya dola elfu!”

Hata Mama Nsimire, ambaye alikuwa ameanza kupoa, alimtazama dereva kwa dharau. “Papa, uzembe tu haukutosha? Unaongeza na uongo juu yake?”

Nsimire alimwona kijana mmoja akiinama. Alipoinuka alikuwa na jiwe. Akamwona wa pili anainama.

Hapo hofu yake ilibadilika. Mpaka dakika ile alikuwa ameogopa yatakayompata yeye. Sasa aliona yatakayompata mtu mwingine, mbele ya macho yake, kwa kosa lake na kwa ujanja wake. Alijipenyeza kati ya viuno na vikapu vya watu wazima, akasukumwa, akasukuma, akatokea mbele. Akasimama kati ya dereva na lile jiwe.

“Ni mimi!” alisema. Hakuna aliyesikia. Akajaza mapafu, akapiga kelele mpaka koo likamuuma: “Ni mimi njo nilitoa majani! Nilitoa asubuhi, nikapelekea kobayi yetu! Papa huyu alitandika vizuri!”

Kelele zilipungua kutoka mbele kwenda nyuma. Benoît akazima gari ili asikie.

“Na hii nayo?” Papa Patrice aliuliza, akionyesha mabua yaliyokuwa chini.

“Ni mimi tena.” Sasa alikuwa analia waziwazi. “Niliirudisha kwa siri. Nilifikiri mutaiona, mutamuacha papa. Niliogopa kusema.”

“Dereva amekupa ngapi useme hivyo?” aliuliza mwenye kofia nyekundu, ingawa sauti yake haikuwa tena na nguvu ya mwanzo.

Papa Patrice hakumjibu. Aliinama, akaokota bua moja, akaligeuza mkononi. Akaokota la pili. Akampa Mama Nsimire, mtu anayefuga kobayi tangu utotoni. Hakuhitaji kuambiwa atazame nini. Pembeni mwa kila jani palikuwa na alama za meno madogo madogo, na mengine yalikuwa yameliwa mpaka kwenye uti. Msaidizi wa dereva hawezi kutafuna matete namna ile.

Mama Nsimire aliliangusha bua lile. Alimtazama binti yake, na Nsimire akafumba macho akingoja kofi. Kofi halikuja. Alipoyafumbua, mama yake alikuwa amekwenda kusimama mbele ya Papa Ezéchiel, ameinamisha kichwa.

“Papa,” alisema kwa sauti ambayo hata walio nyuma waliisikia, “nimekutukana mbele ya watu. Naomba pardon mbele ya watu. Ni mutoto yangu njo alikosa. Mimi nitazungumuza naye.”

Jiwe liliangushwa. Aliyekuwa nalo alijifanya anafuta vumbi mikononi.

Papa Patrice aliomba simu, akampigia tajiri, akamweleza yote kuanzia kikapu mpaka mabua. Watu walitega masikio. Papa Ezéchiel akafumba macho.

“Mupe simu shofere yangu,” sauti ya tajiri ilisema. “Ezéchiel? Funguo ubaki nayo. Ambia Benoît afanye kazi, lakini kwa bei ya jana. Nalipa mimi.”

Benoît alinung’unika kidogo kwa ajili ya heshima yake, kisha akaanza kukunjua minyororo. Lakini kazi haikuwa imekwisha. Mawingu meusi yalikuwa yakipanda kutoka upande wa ziwa, na saruji ikilowa ni mawe. Mzigo wote wa tela ulitakiwa kushushwa kabla ya mvua. Papa Patrice akafungua mlango wa kapela, akasema tu, “Twende,” na wale wale waliokuwa wakiokota mawe wakaanza kubeba mifuko mgongoni. Mwenye kofia nyekundu alibeba mingi kuliko wote, bila kumtazama dereva usoni. Mama Nsimire alimaliza beseni lake lote la bitumbura kuwalisha wabebaji, na hakuuza hata kimoja.

Nsimire alipewa kazi ya kuokota makaa ya Fabien, kipande kwa kipande, na kuyarudisha ndani ya magunia. Hakuna aliyemsaidia, naye hakuomba.

Matone ya kwanza yalipoanza kuanguka, mfuko wa mwisho uliingia kapelani. Minyororo ikakazwa. Dépanneuse ikanguruma, ikatoa moshi, tairi zake zikazunguka bure katika matope. Ikanguruma tena. Chuma kikalia kama kinataka kukatika, kisha tela likasogea, likanyooka, na lori likaanza kuburutwa polepole kuelekea uwanja ulio chini ya mlima, ambako lingengoja fundi na giaboksi nyingine. Barabara ikafunguka. Magari yaliyokuwa yamengoja pande zote mbili yakapiga honi za furaha.

Kabla ya kuondoka, Papa Ezéchiel alimwita Nsimire. Mikono ya mtoto ilikuwa myeusi kwa makaa mpaka kwenye viwiko.

“Kuja, mutoto yangu. Nilikuwa na hasira, imepungua. Lakini nitakuambia kitu, usikie vizuri. Mu barabara sisi hatujuane. Mutu anakuja nyuma ya kona, mimi simujue, yeye hanijue, siwezi kumuita. Kitu yenye inaongea kati yetu ni ile majani tu. Ukiitoa, umefunga mutu macho wakati iko anakimbia.”

“Ndiyo, papa.”

“Na wakati uliirudisha kwa siri, ulitaka kufanya nini?”

“Nilitaka kutengeneza.”

“Hapana. Ulitaka kujificha. Uliona mwenyewe, kosa ukiifunika na uongo inakuwa kosa mbili, na mutu mwingine njo anabeba zote.” Alitazama lori lake likishuka. “Lakini ulisimama mbele ya jiwe. Watu wakubwa wengi hawangeweza. Ile sitaisahau.”

Akampa mkono, kama mtu mzima anavyompa mtu mzima, bila kujali makaa.

Kesho yake, baada ya misa, Nsimire alikwenda hospitali na mama yake. Dume kubwa la kobayi na majike mawili walikuwa wameuzwa alfajiri, na fedha zao zilikuwa zimefungwa kwenye ncha ya kitenge cha mama kwa ajili ya dawa za Fabien. Asubuhi hiyo majani ya waliobaki yalitoka bondeni, kando ya kijito. Hakuna aliyemsimamia.

Fabien alikuwa ameketi kitandani, mkono umo katika plasta nyeupe. Nsimire alimweleza kila kitu, tangu ukungu mpaka jiwe. Fabien alisikiliza bila kumkatiza, na uso wake haukulainika.

“Daktari anasema wiki nyingi bila kuendesha,” alisema mwishoni. “Unajua sisi tunakula na ile pikipiki?”

“Najua.”

“Nimekasirika, sitakudanganya.” Alitazama dirishani. “Lakini ni vizuri umekuja mwenyewe. Tangu jana maman yangu analaani ule shofere. Anamulaani mpaka kwa sala. Iko pale inje, anafua. Enda umwambie.”

Nsimire alimgeukia mama yake. Alikuwa ameshasema mbele ya mtaa mzima na mbele ya Fabien, na alidhani inatosha. Zaidi ya hayo Mama Fabien alikuwa rafiki wa mama yake, ingekuwa rahisi kama wakubwa wangezungumza wenyewe kwa wenyewe.

Mama Nsimire alielewa yale macho. Aliketi kwenye kiti kilichokuwa kando ya kitanda, akatulia.

“Hapana,” alisema kwa upole. “Mufuko ya simenti watu wanaweza kukusaidia kubeba. Ukweli hapana. Kila mutu mwenye aliumia na kosa yako anapashwa kuisikia mu kinywa yako.”

Nsimire akatoka peke yake. Uani wanawake walikuwa wakifua, na Mama Fabien alikuwa mwisho wa benchi, miguu bado ina mikwaruzo ya kukimbia bila viatu, akisugua shati lenye matope na damu. Nsimire alisimama mbele yake, akaunganisha mikono, akasalimu.

“Mama Fabien, usimulaani tena ule shofere. Hakukosa. Ni mimi.”

Mikono iliyokuwa katika povu ilisimama. Mama Fabien aliinua macho, akamtazama mtoto yule, na Nsimire hakuyakwepa macho yake. Kisha akalikamua shati, akaliweka kando, akasogea kidogo kwenye benchi.

“Kaa hapa,” alisema. “Anza mwanzo.”